Kabla ya Kununua Injini Iliyofumuliwa, Uliza Ilikufa kwa Ugonjwa Gani

Konrodi namba 3, mkono wa chuma unaoshikilia pistoni, ndiyo iliyotuambia ukweli. Injini ya Hiace ya shemeji yangu ilikuwa imepinduliwa juu ya matairi mawili uani kwake, Morogoro, siku ya 19 tangu ifungwe kwenye gari, na fundi mzee tuliyemwita kutoka Msamvu alikuwa akifungua kofia za konrodi moja baada ya nyingine, kila kofia akiilaza juu ya gazeti mahali pake ili zisichanganyike. Alipofika kwenye ya tatu akanyamaza. Nyuma ya beringi iliyoungua, lile ganda jembamba linalokaa kati ya konrodi na krenki, mhimili mkuu wa injini, palikuwa na ukanda mwembamba wa bati, uliokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kopo la soda, na upande mmoja wa ukanda huo herufi nyekundu zilikuwa bado zinasomeka. Aliushika kwa koleo, akaugeuza juani, kisha akanikabidhi bila kusema neno. Ninao mpaka leo.

Shemeji alikuwa ameinunua injini hiyo Gerezani, Dar es Salaam, kwa fedha ambazo dada yangu alizikopa kwenye kikoba chake. Ilikuwa 5L, dizeli ya Toyota yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, ambayo wenye Hiace na Hilux wengi wanaipenda kwa sababu ile ya pampu ya kawaida haina kompyuta wala tabo, na karibu kila fundi wa barabarani ameshaifungua mara kadhaa. Muuzaji alimhakikishia kwamba imefumuliwa yote na kufungwa upya: ringi mpya za pistoni, beringi mpya, gasketi mpya, taiming belti mpya. Tulipoifungua tulikuta kila alichokitaja ni kipya kweli. Jambo hilo lilituuma kuliko uongo wa wazi, kwa sababu hatukuwa na neno la kumshika nalo. Hakuna aliyemuuliza habari za krenki, naye hakuisema.

Krenki ilikuwa imelika. Njia ya haki ilikuwa kuipeleka kwa fundi mashine, ichongwe robo au nusu milimita, kisha zinunuliwe beringi nene za kuendana na kipimo hicho kipya. Mtu aliyeifunga aliona gharama hiyo ni kubwa, akanunua beringi za kipimo cha kiwandani, na pale zilipolegea akazibana kwa bati la kopo. Beringi iliyobanwa namna hiyo haikai sawasawa kwenye kiti chake, joto lake halina pa kwenda, na utando wa oili unaopaswa kuitenganisha na krenki hukatika kila mzigo unapozidi. Gari lilianza kugonga likiwa limejaa abiria, likitokea Chalinze, na lilipofika Mikese injini ilikuwa imenoki kabisa.

Tangu siku hiyo nimewasindikiza ndugu na jirani mara 4 kwenda kununua injini za namna hii, mara zote nikiwa na fundi yule yule mzee, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata mikononi mwake. Yeye ana swali moja ambalo huliuliza kabla hata ya kuigusa injini: ilikufa kwa ugonjwa gani? Hakuna mtu anayefumua injini nzima kwa kupenda. Kufumua ni kazi ya fedha nyingi, na mwenye gari huikubali pale tu injini inapokuwa imechemsha, imekosa oili, imevuta vumbi, au imekatika taiming belti ikiwa mwendoni. Kila kimoja kati ya vifo hivyo huacha majeraha yake mahali pake, na majeraha hayo hayaondolewi na ringi mpya. Muuzaji akijibu kwamba injini haikuwa na tatizo lolote, ilifumuliwa tu ili iwe nzuri, fundi wetu hushukuru na kuondoka, isipokuwa kama mwenye duka yuko tayari kuifungua mbele yetu.

Injini nyingi zinazouzwa zikiwa nje ya gari hukaa juu ya tairi kuukuu, zimepigwa rangi ya fedha kutoka juu mpaka chini. Rangi si kosa. Hata karakana zenye heshima hupaka rangi bloki, yaani mwili mkuu wa injini, ili isishike kutu. Lakini rangi nzito iliyopita juu ya kila kitu, pamoja na bolti, plagi za maji, na hata kingo za gasketi, inaficha mambo matatu kwa pamoja: ufa, ulehemu, na mahali ambapo maji au oili vilikuwa vikivuja. Kwa hiyo tunakwenda na kitambaa, chupa ndogo ya tina, na sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu ya redio. Bloki ya 5L ni chuma cha kusubu, na sumaku inapaswa kuing'ang'ania kila mahali.

Injini ya pili tuliyokwenda kuitazama ilikuwa safi sana machoni. Fundi aliizungusha sumaku ubavuni mwa bloki polepole, kama mtu anayepapasa tumbo la mgonjwa, na ilipofika chini kidogo ya mahali inapofungwa stata, ikateleza ikaanguka. Aliirudisha, ikaanguka tena. Akalowesha kitambaa kwa tina, akasugua, na chini ya rangi ya fedha kukatokea gundi ya chuma ya rangi ya majivu, yenye upana wa kiganja cha mtoto, na pembezoni mwake mstari wa shaba ya kulehemu. Konrodi iliwahi kukatika ndani ya injini ile ikapasua bloki, na tundu lile likazibwa. Kijana wa duka alituambia, "Mzee, hapo haipiti oili wala maji, haina shida." Fundi akamjibu kwa upole, "Kijana wangu, mimi silitafuti tundu. Ninaitafuta konrodi iliyotoka hapa, na krenki iliyokuwa imeishikilia." Bloki iliyopigwa kwa nguvu za namna ile inaweza kuwa imepinda mstari wa viti vya krenki, na viti vikipinda kwa sehemu ndogo ya milimita tu, beringi mpya zitalika tena na tena bila mtu kuelewa kwa nini.

Hapo hapo nje kuna mambo mengine mawili ambayo mnunuzi asiye fundi anaweza kuyafanya mwenyewe. La kwanza ni kuomba kifunguliwe kifuniko cha themostati (kizuizi cha maji kinachofunguka injini ikipata joto), ambacho kwa kawaida kina bolti chache tu, kisha kuingiza kidole kwenye njia ya maji. Injini iliyofumuliwa kwa haki husafishwa bloki na hedi yake, kile kifuniko cha juu chenye valvu, kwa dawa kabla ya kuchongwa, kwa hiyo ndani panapaswa kuwa chuma kitupu, hata kama kina kutu nyepesi. Kidole kikitoka na tope jekundu, basi usafi uliishia nje, na tope hilo linalotokana na miaka ya kutumia maji ya bomba badala ya kulanti ndilo litakaloichemsha injini yako. La pili ni kutazama plagi zinazoziba njia kuu za oili kwenye bloki. Kama bado zina uchafu mkavu kwenye matundu ya spana, hazijafunguliwa tangu zitoke kiwandani, na kama injini iliwahi kunoki, vumbi la beringi za zamani bado limo kwenye njia hizo likisubiri oili ya kwanza lisafiri nayo. Vivyo hivyo kwa kipoza oili, kwa injini zinazokuwa nacho, ambacho ni vigumu sana kusafishika na mafundi wengi hukirudisha kama kilivyokuwa.

Namba ya injini nayo itazamwe wakati huu, kwa tochi. Iwe imegongwa juu ya uso wa kiwandani usio na mikwaruzo ya gurudumu la kusagia, kwa kuwa namba iliyosagwa ni jambo la polisi na si la fundi, na namba inapobadilika kadi ya gari lazima ifuate. Sitakaa hapo zaidi.

Ugonjwa unaoua injini nyingi zaidi ninazozijua ni kuchemsha, na majeraha yake yanaishi kwenye hedi. Ukiweza kuiona hedi kabla haijafungwa, hiyo ni nusu ya kazi yote, na ndiyo sababu ninawasihi watu waelewane na karakana mapema na kulipa kianzio injini ikiwa bado wazi. Itazame sehemu kati ya siti za valvu mbili za silinda moja, na kutoka siti kwenda kwenye chemba ndogo ya mwako, kwa sababu huko chuma ni chembamba na joto ni kali. Ufa wa hapo unaweza kuwa mwembamba kama unywele, na macho peke yake hayatoshi. Kuna dawa ya rangi inayopulizwa, ikaachwa ipenye, ikafutwa, kisha ikapulizwa unga mweupe juu yake, na penye ufa rangi hutoka tena yenyewe na kuchora mstari. Njia nyingine ni kuziba njia za maji za hedi, kuizamisha kwenye maji ya moto na kuingiza hewa kwa kompresa, ukatazama mapovu. Maji yawe ya moto kwa sababu nyufa nyingi hujifunga chuma kikipoa. Kwa wenye Prado na Hilux Surf za injini ya 1KZ, ambazo hedi yake ni ya aluminiamu na sifa yake ya kupasuka inajulikana kila mahali gari hilo lilipofika, mimi nisingenunua injini iliyofumuliwa bila kuona kipimo hicho kikifanyika mbele ya macho yangu, hata kama muuzaji ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Unyofu wa hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi. Rula inalazwa kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari pande zote mbili, na jani la fila linajaribiwa chini yake. Fundi wetu hukataa mahali popote jani la milimita 0.10 linapopita. Uso wa bloki upimwe vile vile, na hili husahaulika mno, kwa kuwa watu hupeleka hedi tu kuchongwa na kuiacha bloki kana kwamba joto liliishia juu.

Tena kuna gasketi ya hedi, ambayo kwenye dizeli hizi ina siri yake. Pistoni za 5L, kama za ndugu zake 3L na 2L, zikifika juu kabisa hutokeza kidogo kupita uso wa bloki. Kiasi cha kutokeza hakilingani kati ya injini moja na nyingine, kwa hiyo Toyota ilitoa gasketi za unene wa aina 3, zenye alama B, D na F, na anayefunga injini anapaswa kupima kwanza pistoni zote 4, kisha achague gasketi kulingana na iliyotokeza zaidi. Bloki ikichongwa uso, pistoni hutokeza zaidi. Fundi akinunua gasketi yoyote aliyoikuta dukani, ama pistoni itagusa juu, ama kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, itapungua na injini itakuwa ngumu kuwaka asubuhi za Makambako na Njombe. Ninapomuuliza muuzaji ni gasketi ya alama gani imewekwa, sitegemei kila mara kwamba atajua. Ninataka kuona kama anajua kwamba swali hilo lipo, na aliyefunga injini kwa vipimo hulijibu bila kufikiri.

Nikirudi kwenye sehemu ya chini, ambako sisi tulipoteza fedha zetu, msimamo wangu ni mmoja na sitaubadilisha: sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ifunguliwe. Injini ikiwa nje ya gari, kazi hiyo haizidi saa moja, na gasketi au silikoni mpya ya kurudishia mnunuzi anaweza kuilipia mwenyewe. Muuzaji anayesema kwamba kufungua sampu kutaharibu injini anasema jambo lisilo kweli. Sampu ikishatoka, kwanza tazama chujio la oili linaloning'inia humo. Mafundi wengi hujaza silikoni nyingi kuliko inavyotakiwa, ziada yake hubanwa kuingia ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huishia kwenye wavu wa chujio na kuinyima pampu oili. Pili, mulika tochi kwenda juu, ndani ya silinda, huku mtu mwingine akiizungusha krenki kwa spana. Ukuta wa silinda uliochongwa na kusuguliwa vizuri una michirizi myembamba inayokatana kwa mshazari, nayo huonekana wazi kwenye injini ambayo haijatembea. Ukuta unaong'aa kama kioo haukuguswa, na ringi mpya zilizotiwa kwenye ukuta kama huo hazitakaa, injini itakula oili tangu siku ya kwanza. Mkwaruzo wa wima unaokamata ukucha unaonyesha kwamba pistoni iliwahi kushika.

Tatu, kofia ifunguliwe. Sisi huomba kofia moja ya konrodi na moja ya krenki, na ni fundi wetu anayechagua zipi, si muuzaji. Beringi ikitolewa, igeuzwe mgongo, kwa sababu kipimo chake kimeandikwa huko: STD kwa kipimo cha kiwandani, au 0.25, au 0.50 kwa krenki iliyochongwa. Kipimo hicho kilingane na karatasi ya fundi mashine, kama ipo, na kilingane na maikromita, kifaa cha kupimia unene, ambayo mimi ninashauri mtu aazime hata kwa kulipia. Uso wa beringi mpya ni wa kijivu mororo. Ukiona wekundu wa shaba unachungulia, tabaka la juu limekwisha kulika, na beringi hiyo si mpya. Sehemu ya krenki inayoizunguka beringi iwe laini kiasi kwamba ukucha ukipita hausikii chochote, na rangi yake iwe moja. Doa la buluu ni alama ya kuungua. Mlango wa tundu la oili kwenye krenki uwe umelainishwa kingo zake baada ya kuchonga, kwa maana kingo kali hukwangua beringi kama kisu. Fundi wetu hulaza kipande cha uzi maalumu wa plastiki juu ya krenki, hufunga kofia kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, mpaka kipimo chake, huifungua tena, na kusoma upana wa uzi uliobonyea kwenye kadi inayokuja na uzi huo. Kwa uzi mmoja tu unajua nafasi ya oili ni kiasi gani. Ungetumika Gerezani siku ile, dada yangu asingelipa kikoba mkopo wa injini iliyokwisha kufa.

Kofia zenyewe zina alama. Za krenki zina namba na mshale unaoelekeza mbele, za konrodi zina alama za nukta zinazopaswa kutazamana. Kofia iliyohamishwa kutoka kiti chake kwenda kingine, au iliyogeuzwa, si mviringo kamili tena hata kama imebana.

Kuna watakaouliza kwa nini mtu asitumie kamera ndogo ya simu, ile yenye waya mrefu, badala ya kufungua. Kwa injini za petroli kamera hiyo ni msaada mkubwa sana, kwa kuwa ukitoa plagi unaingia moja kwa moja ndani ya silinda na kuona michirizi ya ukuta, valvu na uso wa pistoni, na mara nyingine hata namba ya ukubwa wa pistoni iliyogongwa juu yake. Kwenye 5L na dizeli nyingine za zamani za namna hiyo, hita plagi na nozeli haziingii kwenye silinda, zinaingia kwenye ile chemba ndogo ya mwako, na kamera huishia kutazama ukuta mweusi. Muuzaji anayekuonyesha picha ya kamera kutoka injini ya namna hiyo amekuonyesha chemba tu.

Injini ikiwa tayari kwenye gari na inawaka, kazi inabadilika, kwa kuwa wengi hawatakubali ifunguliwe. Fika mapema kuliko mlivyoagana, na kabla ya salamu kuwa ndefu weka kiganja juu ya tapeti kava, kifuniko cha juu kabisa cha injini. Ikiwa na joto, imewashwa kabla hujafika, na umekwisha kupoteza ushahidi wa asubuhi: ugumu wa kuwaka, moshi wa kwanza, na kelele ya beringi katika sekunde chache kabla oili haijapanda. Rudi kesho yake. Washa swichi bila kupiga stata, na taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, imekatwa au imeungwa na taa nyingine, nami nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu. Ikiisha kuwaka, shika bomba la juu la rejeta. Kama linapata joto tangu dakika ya kwanza, themostati imeng'olewa, desturi iliyoenea mno kwetu na ambayo mara nyingi hufanywa ili injini yenye hedi mbovu ichelewe kuchemsha mbele ya mnunuzi. Bomba likijaa na kuwa gumu wakati injini bado ni baridi, hewa ya mwako inapita kwenye maji. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta: mvuke mwepesi ni kawaida, lakini moshi unaotoka kwa mipigo, ambao mafundi huuita kupumua, unatokana na ringi au silinda. Kisha mtu mmoja akanyage klachi huku wewe ukitazama puli ya krenki kutoka mbele. Puli ikisogea kwa kiasi ambacho jicho linaona, vile vipande vya nusu mwezi vinavyoizuia krenki isiende mbele na nyuma vimekwisha, na hakuna oili nzito itakayolificha hilo. Kelele ndiyo inayofichika kwa oili nzito.

Kompresheni ipimwe, na ipimwe kwa geji ya dizeli, kwa sababu geji ya petroli haifiki huko na inaweza kupasuka. Injini iwe ya moto, betri iwe imejaa, hita plagi zote 4 zitolewe, dizeli ikatwe kwenye pampu. Kwa injini za familia hii kipimo cha kawaida ni takriban psi 455, kiwango cha chini kabisa ni psi 284, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi psi 71. Mimi huitazama zaidi tofauti hiyo. Silinda 4 zinazosoma 400 zote zimezeeka au hazijakaa ringi bado. Tatu zinazosoma 440 na moja inayosoma 330 ina jambo ambalo mtu analijua na hajalisema. Presha ya oili nayo ipimwe kwa geji ya mkono, iliyofungwa mahali pa swichi ya oili, injini ikiwa imetembea mpaka ikapata joto kamili. Mafundi wengi hutumia hesabu ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, nayo inatosha kwa mnunuzi.

Injini ambayo hatimaye shemeji aliinunua haikuwa na rangi ya fedha. Ilikuwa Dar es Salaam vile vile, kwa fundi anayefumua injini mbili au tatu kwa mwezi, na tulipomuuliza ilikufa kwa ugonjwa gani alijibu kabla hatujamaliza swali: ilivuta vumbi, mwenye gari alikuwa anabeba mchanga na bomba la filta ya hewa lilikuwa limechanika. Alitutolea pistoni za zamani kwenye mfuko wa saruji, sketi zake zikiwa zimekwanguliwa zote kwa namna moja, kama inavyopaswa kuwa kwa kifo cha vumbi. Silinda zilikuwa zimechongwa milimita 0.50, na juu ya pistoni mpya namba hiyo hiyo ilisomeka. Krenki ilikuwa bado STD, na maikromita ikakubali. Gasketi alisema ni D, akatuonyesha karatasi aliyoandika kimo cha kila pistoni kwa kalamu ya risasi. Hedi ilikuwa bado mezani, nasi tukaomba ipuliziwe ile rangi, akatuomba tununue kopo la dawa wenyewe kwa kuwa lake lilikuwa limekwisha, tukanunua. Hakukuwa na mstari.

Bei yake ilizidi ile ya kwanza, na tuliandikiana kwa mkono: namba ya injini, kipimo cha pistoni, kipimo cha beringi, na kwamba akiirudisha shemeji ndani ya siku 60 ikiwa imegonga, itafunguliwa mbele ya pande zote mbili kabla ya mtu yeyote kulaumiwa.

Baada ya kilomita 500 tulimwaga oili ya kwanza. Fundi wetu aliikata filta kwa msumeno wa chuma, akaitoa karatasi yake, akaikamua, akaikunjua juu ya gazeti pale pale uani ambapo tuliwahi kuipindua ile nyingine. Tuliinama watatu tukaisoma mkunjo kwa mkunjo, tukiigeuza juani. Palikuwa na chembe chache zinazometa, ndogo kuliko chumvi, ambazo ringi mpya huzitoa zinapokaa, na uzi mmoja wa silikoni wenye urefu wa punje ya mchele. Shaba haikuwamo. Dada alikuja na chai, akauliza mbona tumenyamaza, na shemeji akamsogezea gazeti ajionee mwenyewe.